Akina Mama Wanyonyeshao na Watoto Wao Walio Jela

Maneno ya Kamati ya Kutembelea Wafungwa, yaliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Mwaka jana, katika ukumbi huu, mlitukabidhi fedha za kuwanunulia maziwa watoto wachanga walio jela pamoja na mama zao. Jambo hilo lilipitishwa bila mtu hata mmoja kulipinga, na tulipoondoka mlitupigia makofi. Leo twasimama mbele yenu kueleza kwa nini maziwa yale hayakuwafikia watoto mliowakusudia. Bwana Mweka Hazina amelitaja jambo hili kwa mstari mmoja katika hesabu zake, nasi hatukupenda lipite hivyo, kwa kuwa fedha zilikuwa zenu na kosa lilikuwa letu.

Mambo yalikuwa hivi. Tulinunua makopo 24 ya maziwa ya unga, kila moja la gramu 400, pamoja na chupa za kunyonyeshea zenye chuchu za mpira. Tukayapeleka katika jela moja ya wanawake, ambayo hatutaitaja jina. Siku ile walikuwamo humo watoto wanane walio chini ya umri wa mwaka mmoja. Tulikuwa tumevaa nguo zetu za Jumapili, na mwenzetu mmoja alikuwa ameandika hotuba fupi, nayo akaisoma mpaka mwisho.

Aliyetupokea alikuwa muuguzi wa jela, mama wa makamo, mpole wa sauti. Alituacha tumalize, kisha akauliza: "Wazee wangu, maji ya kukorogea maziwa haya nitayachemshia wapi usiku, milango ikiisha kufungwa?" Hatukuwa na jibu. Akauliza tena: "Na haya yakiisha, mengine mtayaleta lini?" Tukasema kwamba, Mungu akipenda, mwakani.

Ndipo alipoomba kalamu, akatufanyia hesabu nyuma ya risiti yetu wenyewe. Mtoto wa miezi mitatu hunywa kiasi cha robo tatu ya lita ya maziwa kwa siku. Kopo moja la gramu 400 hutoa lita tatu kasoro kidogo, yaani chakula cha siku nne hivi. Makopo 24 kwa watoto wanane ni makopo matatu kwa kila mtoto, basi ni siku kumi na mbili. "Siku ya kumi na tatu," akasema, "kopo litakuwa tupu, na titi la mama litakuwa karibu tupu vilevile." Alipokea makopo manne tu, akayafungia kabatini kwa ajili ya mtoto ambaye mama yake amefariki au ni mgonjwa asiyeweza kunyonyesha kabisa. Ishirini tulirudi nayo, na baadaye tukayapa makao ya mayatima ambako jiko halizimwi. Chupa hakutaka kuziona.

Wazee mliofuga ng'ombe hamna haja ya kufundishwa jambo hili, na kwa kweli twaona haya kwamba sisi tulihitaji kufundishwa. Ng'ombe asiyekamuliwa hukauka. Titi la mwanamke nalo hutengeneza maziwa kwa kadiri linavyonyonywa: mtoto akishibishwa kwa chupa hanyonyi, na asiponyonya, mwili wa mama hudhani kwamba kazi yake imekwisha. Zawadi yetu, ijapokuwa ilitoka katika moyo mwema, ingaliwanyang'anya watoto wanane chakula kisichoisha na kuwapa chakula cha siku kumi na mbili. Tena chupa isiyochemshwa, katika chumba wanacholala watu wengi, huleta kuhara, na mtoto mmoja akihara, wote wamo hatarini. Nchi yetu ilikwisha kuliona tatizo la makopo haya. Iko sheria ya mwaka 2012 inayowazuia watengenezaji na wauzaji wa maziwa ya kopo kuyatangaza na kuyagawa kwa njia ya kuwavutia akina mama. Sheria hiyo yawahusu wafanyabiashara, lakini hekima yake ilitufaa sisi pia.

Tulipomwuliza muuguzi yule basi atakalo ni nini, alijibu kwa neno moja: "Mlisheni mama."

Bwana Mwenyekiti, jibu hilo ndilo tulilolileta leo, na ndilo lililotupatia taabu katika Kamati. Kumpa mtoto maziwa hakuna asiyependa. Kumpa mama sahani ya maharagwe ni jambo jingine, maana mama yule ana kesi, na wengine wao wamekwisha kuhukumiwa. Mzee mmoja wa Kamati yetu aliuliza, wala hakuuliza kwa ubaya: "Wajane wetu wana njaa, mbona tumlishe aliyevunja sheria?" Mazungumzo yalichukua jioni mbili. Hatutasema kwamba wanawake wote waliomo jela ni watu wema walioonewa. Wako waliofungwa kwa kupika pombe haramu ili walipe karo, na yuko tuliyemwona akinyonyesha ambaye alimjeruhi mtu vibaya sana. Lakini hakimu alipotoa hukumu alimnyima mama uhuru wake kwa muda uliotajwa. Njaa haikuwamo katika hukumu ile, na mtoto hakusimama kizimbani. Na kwa kuwa mtoto wa miezi mitatu hana mdomo mwingine wa kulia isipokuwa wa mama yake, hatukuona njia ya kumlisha mmoja na kumruka mwingine.

Wataalamu wa lishe wanakadiria kwamba mama anyonyeshaye ahitaji kalori 500 hivi kila siku kupita mwanamke asiyenyonyesha. Kwa hesabu ya jikoni hiyo ni sahani moja ya ziada ya ugali na maharagwe. Yatupasa kuwa wakweli: mama mwenye njaa hutoa maziwa hata hivyo, ila huyatoa katika nyama na mifupa yake mwenyewe, akadhoofika, akaugua, na hatimaye mtoto hukosa mlezi mwenye nguvu. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji, kwa muda wa miezi sita. Kisha apewe na vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Ushauri huu si mgeni kwetu. Bibi zetu walinyonyesha miaka miwili kabla ya shirika hilo kuundwa mwaka 1948, na ndugu zetu Waislamu wanajua kwamba muda huo wa miaka miwili kamili umetajwa katika Kurani Tukufu.

Hapa tuseme neno fupi kuhusu akina mama wenye virusi vya ukimwi, maana tuliulizwa. Mama anayetumia dawa zake bila kukosa, chini ya uangalizi wa mganga, aweza kunyonyesha, na ndivyo anavyoshauriwa. Jambo la maana ni kwamba dawa zisikatike siku anapokamatwa, anapohamishwa jela, au anapopelekwa mahakamani. Siku moja iliyorukwa ikiwa ni desturi huwa hatari. Zaidi ya hayo tuwaachie waganga.

Tulitaka pia kujua sheria yasemaje, kwa sababu wengi wetu tulidhani kwamba mtoto huyu yumo jela kwa huruma ya askari tu. Sivyo. Sheria ya Magereza, Sura ya 90, inaruhusu mtoto mchanga wa mfungwa mwanamke apokewe pamoja na mama yake, na apewe nguo na mahitaji yake kwa gharama ya Serikali. Aweza kukaa humo mpaka atimize miaka minne, au mpaka mipango ya kumlea nje ikamilike, lolote litakalotangulia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imeweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo limhusulo. Nazo Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi wa Desemba mwaka 2010, zataka mtoto aliye jela na mama yake asitendewe kamwe kama mfungwa. Zataka mama anyonyeshaye apate chakula cha kutosha bila malipo na ushauri juu ya afya yake. Na asikatazwe kunyonyesha isipokuwa kwa sababu maalumu ya kiafya. Mtoto huyu, basi, hana namba wala hukumu. Ni mtu huru anayelala ndani ya ukuta.

Lakini kati ya sheria na sahani iko njia ndefu, na katika njia hiyo ndimo chama kama chetu hupata kazi. Jela ya Wanawake ya Langata, kule Nairobi, ina mahali pa kuwalea watoto mchana, nasi twapenda kuwapa pongezi waliopaanzisha. Si kila jela iliyo na mahali kama hapo. Katika ile tuliyoizoea, milango hufungwa saa kumi na moja jioni, na haifunguliwi mpaka asubuhi. Mama amekula chakula chake cha jioni mapema, jua lingalipo. Kisha anyonyesha usiku kucha, na kunyonya kwa usiku ndiko kunakosaidia sana maziwa yasipungue. Ifikapo saa tisa ya usiku tumbo lake ni tupu na koo limekauka. Kwa hiyo kitu kilichosaidia kuliko vyote tulivyopeleka mwaka huu kilikuwa chupa ya chai ya chuma, ya kuwekea uji moto mpaka usiku wa manane. Twasema ya chuma, kwa sababu ya kioo hairuhusiwi kuingia, na tulilijua hilo baada ya kurudishwa langoni na chupa sita za kioo mikononi.

Baada ya chupa hizo ni ndoo yenye kifuniko, ili mama awe na maji safi ya kunywa karibu naye. Kisha leso mbili mbili, maana leso moja ikiwa ni shuka, ni ubeleko, tena ni winda, haikauki kamwe wakati wa mvua. Maharagwe, njugu, dagaa na unga wa wimbi tulipeleka kwa idhini ya Mkuu wa jela, vikaingizwa katika jiko la jela na kuandikwa katika daftari, ili pasiwe na maneno kwamba wafungwa fulani wapendelewa kwa siri. Jambo hili la daftari tusilidharau. Wafungwa wengine, wasio na watoto, nao wana njaa, na mama anayekula peke yake mbele ya wenzake haoni raha ya chakula. Mpishi wa jela, mfungwa mwenyewe, alitushauri kwamba sahani ya ziada itolewe asubuhi, wakati wengine wamekwenda kazini. Shauri lake lilikuwa bora kuliko letu.

Kitu kingine ambacho mama anakihitaji hakinunuliwi, nacho ni nafasi. Mama aliyepangiwa kazi ya shamba tangu asubuhi hadi adhuhuri, na mtoto yuko upande mwingine wa ua, hana namna ya kunyonyesha kila mtoto atakapo. Tulizungumza na askari wa kike juu ya jambo hili, nasi tulikuwa tumejiandaa kwa mabishano. Mmoja wao, ambaye ana mtoto wake wa miezi saba, alitwambia kwamba mtoto wa mfungwa akilia, maziwa yake yeye mwenyewe hutoka na kulowesha kanzi yake ya kazi, hata huona haya mbele ya wakubwa wake. Tangu mwaka 2017 Sheria ya Afya ya nchi yetu yamtaka kila mwajiri aweke mahali pa mama mfanyakazi kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na jela ni mahali pa kazi pia. Twatumaini siku moja chumba cha namna hiyo kitakuwapo pale, cha askari, na kwa nini kisiwe cha mfungwa vilevile, kwa zamu?

Sasa tuje kwa watoto ambao hatukuwajua kabisa, yaani wale walioachwa nyumbani. Hapa twaomba mtuvumilie, maana jambo hili halikuwamo katika kazi mliyotupa.

Mama mmoja, muuza mboga, alikamatwa siku ya Ijumaa jioni katika msako wa wachuuzi wasio na leseni. Mtoto wake wa miezi minne alikuwa amemwacha kwa binti wa jirani kwa muda wa saa mbili tu. Katiba yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kupita. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, hungojwa siku ya mahakama ifuatayo. Basi ikawa mpaka Jumatatu. Ilipofika usiku wa Jumamosi matiti yake yalikuwa yamejaa na kuwa magumu kama jiwe, na homa imempanda. Alijikamua ndani ya leso yake, kwa aibu, ameelekea ukutani. Askari wa zamu, kijana asiye na mtoto, alidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Huko nyumbani binti wa jirani alimpa mtoto maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji, na mtoto akaanza kuhara.

Jumatatu mama alikiri kosa, akatozwa faini, akakosa fedha, akapelekwa jela. Alikaa humo siku tisa mpaka ndugu zake walipochangishana. Alipotoka, maziwa yalikuwa yamebaki matone. Muuguzi wa zahanati hakumpa kopo. Alimwambia amweke mtoto kifuani mara nyingi mchana na usiku, ale, anywe maji, asikate tamaa, na baada ya wiki mbili hivi maziwa yalirudi. Si kila mama hubahatika hivyo. Nasi tulipoulizia kiasi cha faini ile tuliona kwamba ilikuwa ndogo kuliko bei ya makopo tuliyoyarudisha.

Bwana Mwenyekiti, tangu siku tuliposikia habari hiyo hatukuweza kuitazama hesabu yetu kwa jicho lile lile.

Kanuni za Bangkok zimewakumbuka hata akina mama hao, waliozaa karibuni na ambao watoto wao hawako pamoja nao. Nazo zataka mwanamke mwenye watoto wanaomtegemea apewe nafasi ya kupanga malezi yao kabla au wakati wa kupokewa jela. Aidha, sheria yetu ya mwaka 2014 juu ya watu walionyimwa uhuru haiishii jela tu. Yahusu na vituo vya polisi. Kwa hiyo mzee wa kijiji anapofika kituoni na kusema kwa adabu, "Bwana Mkuu wa kituo, mwanamke huyu ananyonyesha, na mtoto huyu hapa nimemleta," hakuomba upendeleo. Njia nyepesi kuliko zote ni mtoto aletwe kwa mama yake. Isipowezekana, mama aruhusiwe kujikamua kwa mikono iliyooshwa, ndani ya chombo safi chenye kifuniko, kila baada ya saa tatu hivi, ili maziwa yasikauke na titi lisifanye jipu. Na maziwa hayo, katika joto la kawaida la chumba, hukaa salama kwa muda wa saa nne, basi ndugu aweza kuyapeleka nyumbani yakiwa mazuri. Lakini ndugu huyo lazima ajue. Jirani yule na binti yake hawakujua kituo ni kipi, na hapana aliyewaambia.

Ndiyo maana twasema kwamba kazi bora hufanyika kabla ya lango la jela kufunguliwa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, ambao Kenya imeukubali, katika kifungu chake cha 30 wataka adhabu isiyo ya kifungo ifikiriwe kwanza mama wa mtoto mchanga anapohukumiwa. Mahakama nyingine za Afrika zimekwisha kulitendea kazi wazo la namna hiyo. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua shauri la mama wa watoto watatu aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu wa fedha. Mahakama ilisema kwamba hakimu anapompa adhabu mlezi wa watoto hana budi kuyapima maslahi ya watoto hao kwa mizani yao wenyewe, na mama yule akapewa adhabu ya kutumikia nje ya jela chini ya uangalizi. Kwetu sisi, Sheria ya Amri za Kutumikia Jamii ya mwaka 1998 inampa hakimu uwezo wa kumtuma mkosaji kufanya kazi ya manufaa ya watu, bila malipo, badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mama aweza kufagia zahanati asubuhi na kunyonyesha adhuhuri.

Lakini hakimu hamjui mama yule. Humtuma afisa wa probesheni aende nyumbani kwake akaulize habari zake, na anaowauliza ni ninyi, wazee. Tumezungumza na afisa mmoja wa kazi hiyo. Alitwambia bila kuficha kwamba mara nyingi hufika kwa wazee na kujibiwa kwa mkato, "Huyo aliolewa kwingine, hatumjui," au, "Aliishi mjini, waulize wa mjini." Karatasi ikirudi kwa hakimu na maneno hayo, hakimu aona kwamba mwanamke huyu hana kwao, na asiye na kwao ni vigumu kumwacha nje. Twasema haya kwa heshima, kwa kuwa wawili miongoni mwetu sisi wa Kamati tumewahi kutoa jibu la namna hiyo, na leo tunalijutia.

Suala hilo hilo la kwao hurudi mtoto anapofikia miaka minne, au kabla ya hapo, mipango ya nje ikiwa tayari. Tulimkuta bibi mmoja aliyempokea mjukuu wake kutoka jela, mtoto ambaye hakuwa amepata kuona mbwa wala mwanamume mzee, akalia siku nzima kwa kumwogopa babu yake. Babu hakukasirika. Alikaa naye uani, mbali kidogo, akichonga mpini wa jembe bila kusema neno, siku tatu, mpaka mtoto akamsogelea mwenyewe kuokota vipande. Twajua pia nyumba ambayo mtoto wa namna hiyo alikataliwa na ami zake kwa hofu ya shamba kugawanywa, naye yuko katika makao ya watoto hata sasa, na mama yake, aliyekwisha kutoka, hana pa kumleta.

Wako katika chama hiki waliobebwa mgongoni kuingia Kamiti, wakati wa Hali ya Hatari ya miaka 1952 hadi 1960, mama zao walipofungwa humo kwa ajili ya nchi. Walinyonya humo, na waliporudi walipokewa. Mmoja wao ndiye aliyetusomea kumbukumbu za mkutano uliopita asubuhi hii, kwa sauti ambayo hata walio mlangoni waliisikia.

Basi twaomba, Bwana Mwenyekiti, kwamba fungu la fedha lililoandikwa "maziwa ya watoto" libadilishwe jina na kazi. Sehemu kubwa iwe mfuko wa kulipia faini ndogo za akina mama wanyonyeshao, kwa idhini ya wajumbe watatu na kwa stakabadhi ya mahakama, ili mama asilale jela kwa kukosa fedha isiyofikia bei ya mbuzi. Atakayelipiwa atarudisha kidogo kidogo kadiri awezavyo, na asiyeweza asidaiwe mbele ya watu. Sehemu iliyobaki inunue maharagwe, dagaa, unga wa wimbi na chupa za chuma. Tena twaomba kila tawi lichague wazee wawili, mmoja wao awe mama, ambao majina yao yatapelekwa kwa mkuu wa kituo cha polisi na kwa afisa wa probesheni, ili mama mwenye mtoto akikamatwa hata siku ya Ijumaa jioni, wawepo wa kuitwa. Wanachama wasiokubaliana nasi juu ya kumlisha mfungwa waseme leo, kabla ya kura. Tulikwisha kujibizana wenyewe kwa wenyewe, wala hatuogopi kujibizana nanyi.

Matembezi yetu yajayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Gari litaondoka hapa ukumbini saa moja asubuhi. Tunahitaji leso kumi na sita, zisizo mpya pia zafaa mradi zimefuliwa, na ndoo nane zenye vifuniko. Vitu vyote apewe Bibi Karani kabla ya Alhamisi, kwa sababu orodha yapasa kufika kwa Mkuu wa jela siku moja mbele.